Wanyama wa Kiingereza na Mifugo ya Buna

Maneno haya yanahusu wanyama walioingia katika misemo ya Kiingereza, na namna mtoto wa mfugaji wa Buna anavyoweza kuwatambua. Huenda jambo hili likaonekana dogo mahali ambapo watu wana mifugo ya kunywesha na visima vya kutunza. Lakini si dogo kwa kijana anayeketi kufanya mtihani wa KCSE, maana katika karatasi ya insha ya Kiingereza mtahiniwa mara kwa mara hupewa methali moja, akaambiwa atunge hadithi ya kuonyesha ukweli wake. Akiielewa methali, ameanza vizuri. Asipoielewa, basi hata kama hadithi yake ni tamu na maneno yake yamepangwa sawasawa, amejibu swali ambalo hakuulizwa. Karo ya miaka minne, ambayo aghalabu imetokana na mbuzi na ngamia waliouzwa sokoni, huingia hatarini kwa ajili ya farasi mmoja ambaye mwanafunzi hakumjua.

Buna, kama wajuavyo wenyeji, iko katika Kaunti ya Wajir, kwenye njia itokayo Wajir kwenda Moyale. Kisomali na Kiborana ndizo lugha za nyumbani, Kiswahili ni cha sokoni na cha safari, na Kiingereza ni cha darasani. Mtoto wa hapa humwita mnyama mmoja geel akiwa na huyu, gaala akiwa na yule, na ngamia akiwa na dereva wa lori, kabla mwalimu hajamfundisha jina la nne kwa chaki. Watu wengi hudhani kwamba mtoto huyo yuko nyuma sana katika misemo ya Kiingereza, kwa sababu misemo hiyo ni mali ya Waingereza. Hapo pana kosa. Sehemu kubwa ya misemo yao ya wanyama ilitungwa na wafugaji, wakulima na wachuuzi wa farasi wa zamani, ambao vitukuu vyao wanakaa mijini leo na hawajapata kushika taya la mnyama hai. Mwingereza wa siku hizi ameurithi msemo, lakini ujuzi uliouzaa msemo huo umempotea. Mtoto wa Buna hana msemo, ila ujuzi anao.

Aangaliwe kwanza farasi. Waingereza husema, "Don't look a gift horse in the mouth", yaani, farasi uliyepewa bure usimtazame kinywani. Mwanafunzi aliyeikariri methali hii bila kufikiri huweza kuandika kwamba si adabu kumchungulia mnyama, au kwamba farasi huuma. Lakini na amwulize mzee wake kwa nini mnunuzi sokoni hushika taya la ngamia na kulifungua. Mzee atajibu papo hapo kwamba anatafuta umri. Meno ya mbele ya kudumu ya ngamia huanza kuota karibu na mwaka wa 5, na kufikia mwaka wa 7 hivi yametimia. Mbuzi huanza mapema zaidi, naye kwa miaka 4 hivi kinywa chake kimejaa. Muuzaji aweza kusema kwamba mnyama wake ni kijana, na dalali akamwitikia kwa kiapo, lakini mnunuzi mwenye busara huwaacha waseme, naye akatazama meno.

Kwa hiyo kufungua kinywa ni kazi ya mnunuzi. Yeye anatoa fedha, na ana haki ya kujua kama ngamia jike huyu atazaa mara nne zaidi au amekwisha kuzaa wote aliopangiwa. Mtu aliyepewa zawadi hana haki hiyo. Akishika taya la mnyama mbele ya aliyempa, ni kana kwamba anauliza, "Je, umenipa mzee uliyeshindwa kumwuza?" Hapo ndipo heshima inapovunjika, na hilo ndilo jambo ambalo methali inakataza. Ni methali ya zamani mno. Mtakatifu Jerome, aliyeandika kwa Kilatini mwishoni mwa karne ya 4, aliitaja na kusema kwamba ilikuwa methali ya watu wote hata wakati wake, na John Heywood aliitia katika mkusanyo wake wa methali za Kiingereza uliochapishwa mwaka 1546. Katika karne hizo zote mnunuzi na taya la mnyama hawakubadilika, na sokoni Wajir au Moyale hawajabadilika hata leo.

Ufunguo huohuo hufungua milango mingine miwili. Waingereza wakisema kwamba mtu ni "long in the tooth", yaani mrefu wa jino, wana maana kwamba amezeeka, tena husemwa kwa dhihaka kidogo. Meno ya farasi huendelea kutokeza kadiri anavyoishi, na ufizi nao hurudi nyuma, hata farasi mzee akaonekana ana meno marefu yaliyolala mbele. Mwandishi Thackeray aliutumia msemo huo kwa mwanamke katika kitabu chake cha mwaka 1852, na tangu hapo binadamu wamesemwa kwa meno ya farasi. Msemo mwingine ni ule wa habari iliyotoka "straight from the horse's mouth", moja kwa moja kinywani mwa farasi. Maana yake ni habari iliyopatikana kwa mwenyewe, si kwa mtu wa pili wala wa tatu. Msemo huu ulienea mwanzoni mwa karne ya 20 kwa watu wa mashindano ya mbio za farasi, ambao kila mmoja alitaka kujua mapema ni farasi gani atakayeshinda. Kuna wanaoufungamanisha na meno, kwamba kinywa cha farasi hutoa ukweli ambao muuzaji ameuficha, na kuna wasemao kuwa ulikuwa mzaha tu, kana kwamba farasi mwenyewe ndiye aliyenong'ona siri. Kwa mwanafunzi maana ni moja.

Sasa, si kila mnyama wa Kiingereza anakaribishwa Buna. Nguruwe hafugwi hapa wala haliwi, na mbwa halali ndani ya nyumba. Kwa hiyo mtoto anaposoma kwamba haifai kununua "a pig in a poke" huona neno la kwanza halimhusu, na neno la tatu hata mwalimu wake huenda hajapata kulisikia. "Poke" ni neno la kale la mfuko. Ndilo lililozaa neno lao la mfuko wa nguo. Katika masoko ya zamani ya Uingereza mtoto wa nguruwe aliuzwa akiwa ndani ya mfuko uliofungwa, na mnunuzi mjinga alitoa fedha kabla ya kufungua kamba. Husimuliwa kwamba walaghai walimtia paka humo badala ya nguruwe, na kwamba ndiyo asili ya msemo mwingine, wa kumtoa paka mfukoni, maana yake kutoboa siri. Hadithi ni nzuri, ingawa wataalamu wa lugha hawaiamini sana.

Waswahili wameumaliza ugumu huu kwa njia ya kupendeza. Wao husema fulani ameuziwa mbuzi kwenye gunia. Gunia limebaki, ulaghai umebaki, nguruwe ametoka na mbuzi ameingia, na kila mtu kutoka Lamu hadi Buna ameelewa. Ndivyo walivyomfanya mbwa mwitu pia. Waingereza, kwa kufuata Injili, humsema mbwa mwitu aliyevaa ngozi ya kondoo. Mswahili aghalabu husema chui katika ngozi ya kondoo, kwa sababu chui ndiye aliyekuwa akiingia zizini mwake usiku. Waingereza husema paka akiwa hayupo panya hucheza. Waswahili husema paka akiondoka panya hutawala, na hakika panya wa Waswahili wana tamaa kubwa zaidi. Mwingereza humwacha mbwa aliyelala aendelee kulala. Mswahili amemwondoa mbwa kabisa akamweka mtu: usimwamshe aliyelala, ukimwamsha utalala wewe. Watu wanaojua kutafsiri hubeba maana, na kama mnyama hawezi kuvuka mpaka humwacha ng'ambo wakachukua mwingine wa hapahapa.

Katika jambo hili kondoo mweusi ana kisa cha kuangaliwa zaidi, kwa kuwa ndiye awezaye kumpoteza mtoto wa Buna kuliko wote. Waingereza humwita "black sheep" mtu aliyeiaibisha jamaa yake. Mtoto wa hapa akisikia hivyo hutazama zizi la baba yake. Ndani yake kuna kondoo wa Kisomali, wenye mwili mweupe na kichwa cheusi tangu puani hadi shingoni. Kila mmoja ni mweusi kichwani, na asiyekuwa hivyo ndiye anayeshangaza. Tena weusi huo haupunguzi bei hata senti moja. Mnunuzi hutazama unene wa mkia, miguu na meno, wala hakuna anayeuliza rangi ya kichwa. Basi aibu ya kondoo mweusi imetoka wapi?

Imetoka katika sufu. Kondoo wa Uingereza alifugwa karne nyingi kwa ajili ya sufu yake kwanza na nyama yake baadaye, na sufu nyeupe hukubali kutiwa rangi yoyote, ilhali sufu nyeusi haikubali. Kondoo mmoja mweusi katika kundi jeupe alikuwa na manyoya yasiyopata bei nzuri, na mwenye kundi alimtazama kama hasara. Kondoo wa Buna hana sufu. Ana singa fupi zinazofaa jua la hapa, wala hakuna mtu anayemkata manyoya. Kwa hiyo msemo huo hauna mizizi kaskazini mwa Kenya, na mwanafunzi yapasa aujifunze kama ajifunzavyo sheria ya nchi ya kigeni, akijua sababu yake. Ingefaa pia Waingereza waambiwe kisa cha kondoo wa kichwa cheusi. Karibu na mwaka 1870 kondoo wachache wa aina hii walifika Afrika ya Kusini kwa meli, wakaitwa huko kondoo wa Kiajemi ingawa asili yao ni nchi za Wasomali. Katika miaka ya 1930 wafugaji wa huko waliwachanganya na kondoo wa Kiingereza wa Dorset, wakapata aina iitwayo Dorper, inayofugwa leo katika nchi nyingi kavu za dunia, Kenya ikiwa mojawapo. Jina lenyewe limeungwa kwa nusu ya jina la Dorset na nusu ya jina la Uajemi, na Wasomali wenye kondoo hawakupewa hata herufi.

Juu ya kondoo liko neno moja zaidi. Kutenga kondoo na mbuzi, msemo uliotoka katika Injili ya Mathayo, kwa Mwingereza ni kazi rahisi mno, maana kondoo wake ni kama furushi la pamba na mbuzi wake hafanani naye. Hushangaa kwa nini kazi hiyo ilihitaji mchungaji. Mtoto wa Buna hashangai. Kondoo wenye singa fupi wakichanganyika na mbuzi jioni katika vumbi, mgeni hawezi kuwatambua kwa haraka, ila mchungaji huona mkia wa mbuzi umesimama na wa kondoo umeanguka.

Ngamia ndiye mwenyewe wa nchi hii, na hapa Waingereza ndio wageni. Hesabu ya watu na mifugo ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba Kenya ina ngamia zaidi ya milioni 4, na wengi wao wako katika kaunti za kaskazini. Uingereza haina ila wachache. Pamoja na hayo msemo wao mmoja mashuhuri sana ni ule wa unyasi uliovunja mgongo wa ngamia, au kwa kifupi, unyasi wa mwisho. Husemwa pale mtu alipovumilia mengi kisha likaja dogo likamshinda. Waarabu wana usemi huohuo. Kwa Waingereza, hata hivyo, mbebaji wa kwanza hakuwa ngamia. Katika karne ya 17 askofu John Bramhall aliandika juu ya unyoya wa mwisho uvunjao mgongo wa farasi. Polepole unyoya uligeuka unyasi na farasi akageuka ngamia, na Charles Dickens, katika hadithi yake ya Dombey na mwanawe iliyotoka kati ya 1846 na 1848, alimtaja ngamia aliyepakiwa na unyasi wake, na ngamia akashika nafasi hiyo hata leo.

Ni nani ajuaye maana ya mzigo wa ngamia kuliko mwanamke wa Buna aliyepata kuhamisha nyumba? Ngamia dume wa mizigo, ambaye Wasomali humwita awr, hupigishwa magoti asubuhi na mapema. Huwekewa mikeka mgongoni ili kamba isimchubue, kisha hupangiwa vijiti vilivyopindwa vya nyumba, ngozi, vyombo vya maziwa na maji, na pengine mtoto mchanga au mwanakondoo juu ya vyote. Ngamia mzima mwenye afya hubeba kilo 150 hadi 200. Lakini uzito peke yake si hesabu yote. Upande wa kulia ukizidi upande wa kushoto, mzigo hupinda, mikeka husogea, na kidonda kidogo cha mgongo huweza kumweka ngamia nje ya kazi kwa majuma mengi. Ngamia hunguruma tangu kitu cha kwanza kinapowekwa, na mpakiaji hajali sana, kwa maana kila ngamia hunguruma. Mpakiaji aliyezoea husubiri jambo jingine, ambalo ni ngamia kukataa kuinuka. Hapo hupunguza.

Mwanafunzi aliyepata kuona jambo hili anaweza kuandika insha juu ya unyasi wa mwisho ambayo mtoto wa mji hataiweza. Mtoto wa mji ataandika juu ya mtu aliyekasirika. Mtoto wa Buna anaweza kuonyesha mzigo ukipangwa kitu kwa kitu, upande kwa upande, mnyama akinguruma na watu wakidharau mngurumo wake kwa sababu wameuzoea, mpaka kitu chepesi kuliko vyote kinapowekwa. Hadithi iwe ya mfanyakazi na bwana wake, au ya mama na watoto wake, au ya wananchi na kodi. Umbo lake amekwisha kuliona kwa macho. Katika siku za ukoloni, maofisa wa Kiingereza waliotawala Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini walisafiri kwa misafara ya ngamia, na hapana shaka wao pia walijifunza maana kamili ya msemo wao kwa watu wa huku.

Si kila neno la Kiingereza juu ya ngamia ni la haki. Tangu miaka ya 1950 Waingereza wamekuwa wakirudia mzaha kwamba ngamia ni farasi aliyebuniwa na kamati, maana yake kitu kilichoharibika kwa sababu kila mjumbe aliongeza nundu yake. Mzaha huu hutajwa sana katika mikutano, na Mkenya aliyesoma hucheka pamoja na wengine. Lakini katika miaka hiyohiyo, mwaka 1953 na 1954, mwanasayansi Knut Schmidt-Nielsen alikuwa jangwani Algeria akimpima ngamia, na aliyoyaona hayafanani na kazi ya kamati iliyokosana. Aliona kwamba ngamia asiyepata maji huacha joto la mwili wake lishuke usiku hadi kiasi cha digrii 34 na kupanda mchana hadi karibu na 41, ili asipoteze maji kwa jasho. Kwamba aweza kupoteza kiasi cha robo ya uzito wake kwa kiu na bado akatembea, jambo ambalo lingemwua farasi. Na kwamba akifika kisimani hunywa kiasi cha lita 100 kwa dakika 10 hivi bila kudhurika. Nundu, ambayo watu wengi wa mbali hudhani ni mtungi wa maji, ni akiba ya mafuta. Mwanafunzi wa Buna aujue mzaha huo ili asipitwe, na akiulizwa juu yake, ana la kujibu.

Upo msemo mmoja ambao yafaa uachwe kabisa, nao ni ule wa mvua ya paka na mbwa. Jonathan Swift aliutumia mwaka 1738 alipowacheka watu waliozungumza kwa maneno yaliyochakaa, maana yake hata wakati huo msemo ulikuwa umechoka. Watoto wa shule za Kenya wameuokota, wakauweka katika mwanzo wa kila insha, na mwalimu asahihishaye hunyeshewa na paka hao tangu daftari la kwanza hadi la arobaini. Nyuma ya msemo huu hakuna ufugaji wala ujuzi wowote wa kumfaa msomaji, na katika nchi ya Buna mvua ni jambo zito lisilostahili kuandikwa kwa maneno ya kuazima. Wasomali huita mvua za Machi hadi Mei Gu, na zile za Oktoba hadi Desemba Dayr. Waborana wana ganna na hagaya. Kati ya mwaka 2020 na 2023 misimu mitano ilipita mfululizo bila mvua ya kutosha, na katika kaunti kavu za Kenya zaidi ya mifugo milioni 2 ilikufa. Kisha mvua za mwisho wa mwaka 2023 zikaja kwa mafuriko yaliyokata barabara na kuua mifugo iliyosalia ikiwa dhaifu. Mtoto aliyeyaona hayo aandike jinsi mavumbi yalivyonuka tone la kwanza lilipoanguka, au jinsi mbuzi waliokonda walivyotetemeka kwa baridi ya mvua waliyoingojea.

Iko pia misemo ambayo ujuzi wa mfugaji hauwezi kuifungua, kwa kuwa ilizaliwa mjini au kitabuni, nayo hujulikana kwa kusoma tu. Bata kilema ni mmojawapo. Katika soko la hisa la London la karne ya 18, mtu aliyeshindwa kulipa madeni yake aliitwa hivyo, na Horace Walpole aliuliza habari za jina hilo katika barua ya mwaka 1761. Leo huitwa hivyo kiongozi ambaye muda wake unakwisha na watu wameacha kumwogopa. Tembo mweupe ni mwingine. Husimuliwa kwamba wafalme wa Siam walimpa mnyama huyo mtu waliyetaka kumfilisi, kwa sababu alikuwa mtakatifu asiyefanya kazi na chakula chake hakikuwa na mwisho, na magazeti ya Kenya huliita hivyo jengo lililokula fedha nyingi likabaki tupu. Mbuzi wa kafara amekwisha kuwa wa Waswahili pia. Neno lake la Kiingereza lilitungwa na William Tyndale mwaka 1530 alipotafsiri vitabu vya Musa, na Mkristo au Mwislamu anayejua kuchinja atashangaa kusikia kwamba mbuzi huyo wa asili hakuchinjwa. Walikuwapo wawili, mmoja alichinjwa, na huyu alitwishwa dhambi za watu akapelekwa nyikani akiwa hai.

Inabaki kusema juu ya wale walioandika Kiingereza bila kuazima mnyama. Waingereza na Wamarekani wana msemo wa pua ya ngamia iliyoingia hemani, unaotoka katika kisa cha Mwarabu aliyemwonea huruma ngamia wake usiku wa baridi, akamruhusu aingize pua, kisha shingo, kisha miguu, mpaka mwenyewe akalala nje. Watoto wengi wa Kenya wamekisoma. Lakini Jomo Kenyatta, alipotaka kuwaeleza Waingereza kwa lugha yao jinsi ardhi ilivyochukuliwa, katika kitabu chake Facing Mount Kenya cha mwaka 1938, hakumchukua ngamia wa Mwarabu. Alitia humo kisa cha tembo aliyeomba kuingiza mkonga wake tu katika kibanda cha mtu wakati wa mvua ya mawe, na yaliyofuata, pamoja na tume ya wanyama wakubwa iliyoketi kuamua shauri hilo, yakasomwa London yakaeleweka. Mnyama alikuwa wa msituni kwao.

Njia hiyo iko wazi kwa mwanafunzi wa Buna. Wasomali husema ngamia wa nyuma hufuata mwendo wa ngamia wa mbele, na aliyetembea na msafara uliofungwa kichwa kwa mkia anajua kwamba si maneno matupu: yule wa kwanza akikwepa mwiba, wote hukwepa, na akipotea njia, hakuna wa nyuma atakayeiona. Mtoto akiiandika hiyo kwa Kiingereza safi, akaongeza sentensi moja ya kueleza msafara kwa ajili ya msomaji asiyeuona, atakuwa ameandika Kiingereza bila kuomba farasi wa mtu.

Kwa walimu, jambo linalowezekana ni hili. Mwalimu aweza kuandika msemo mmoja ubaoni siku ya Ijumaa, pamoja na tafsiri yake ya neno kwa neno tu, wala asiseme maana. Mwanafunzi aende nao nyumbani aulize mambo matatu: mnyama huyu hufanya kazi gani, ni nani ampakiaye au amnunuaye, na ni jambo gani huharibika kazi hiyo ikifanywa vibaya. Majibu yaletwe Jumatatu, kwa lugha yoyote yatakayokuwa yametolewa, na darasa liyageuze kuwa Kiingereza. Msemo ufaao kuanza nao ni ule wa farasi wa zawadi, na watoto wa wafanyabiashara wa mifugo wanaweza kuagizwa wahesabu meno ya mbuzi wawili kabla ya kurudi darasani.